GESI YA KILWA NA MPUNGA WA ITUNGI

Wazee walisema penye miti hapana wajenzi. Usemi huo twaukumbuka kila mwaka mvua zinapokaribia bonde la Kyela, wakati mkulima wa Itungi anapozihesabu noti zake na kuona kuwa hazitoshi kununua mbolea ya kukuzia mpunga wake. Mkulima huyo ni raia wa nchi ambayo gesi yake asilia yakadiriwa kufika futi za ujazo trilioni 57, nyingi yake ikiwa chini ya bahari mbele ya Lindi na Mtwara. Na gesi, wasomaji wetu, ndiyo mama wa mbolea hiyo anayoikosa.

Yatupasa tueleze jambo hili kwa lugha nyepesi, maana wako watu wenye elimu kubwa ambao wakisikia neno gesi hufikiria taa ya umeme na jiko la kupikia, basi. Hewa tuvutayo karibu sehemu nne katika tano ni naitrojeni, chakula kikubwa cha mmea. Lakini mpunga hauwezi kuila naitrojeni ya hewani, kama vile mtu asivyoweza kuyanywa mawingu. Wajerumani ndio waliokuwa wa kwanza, katika kiwanda cha Oppau mwaka 1913, kuifunga naitrojeni hiyo pamoja na haidrojeni na kupata amonia kwa wingi wa kibiashara. Leo haidrojeni hiyo kwa sehemu kubwa hutolewa katika gesi asilia. Amonia ikichanganywa na hewa ya ukaa itokayo katika kazi hiyo hiyo, hupatikana yurea, ile mbolea nyeupe ya chengachenga ambayo wakulima wetu waijua vizuri kuliko majina ya mawaziri.

Sasa tupige hesabu ndogo. Mfuko mmoja wa yurea wenye kilo 50 hula gesi ipatayo futi za ujazo 1,200 hivi. Tukichukua kwa mfano kwamba kila futi 1,000 zauzwa dola 3, gesi yote iliyomo katika mfuko ule haifiki dola 4. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari na gesi ya Ulaya kupanda bei hata viwanda vya amonia vya huko vikapunguza kazi au kufungwa, mfuko huo huo ulipita shilingi 100,000 madukani kwetu. Hatusemi kwamba tofauti yote ni faida ya wanyonyaji. La hasha! Ndani yake mna gharama ya mitambo, riba ya mikopo, meli, bandari, magunia, lori na faida ya muuzaji. Lakini mtu mwenye gesi nyumbani kwake, akipandishiwa bei ya mbolea kwa sababu gesi ya watu wengine imepanda, ana haki ya kuuliza maswali.

Swali la kwanza ni kwamba je, hatukuwahi kujaribu? Tulijaribu. Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, yaani 1968, iliundwa kampuni ya mbolea ya taifa kwa ushirika wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, na kiwanda kikajengwa Tanga. Kilianza kutoa mbolea mwaka 1972. Wananchi walikifurahia, nao walikuwa na sababu. Lakini kilikuwa kiwanda cha kupikia chakula ambacho unga, chumvi na kuni zake vyote vyatoka ng'ambo. Amonia iliagizwa, kiberiti kikaagizwa, potasi ikaagizwa, na miaka ya kwanza hata fosfeti iliagizwa, ingawa mawe ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yalikuwa yamelala pale pale yakingoja mtu wa kuyachimba. Mtaalamu mmoja, Andrew Coulson, aliyachambua mambo ya kiwanda hicho katika makala yake ya mwaka 1977, akaonyesha jinsi mwenzetu wa kigeni alivyoweza kupata faida katika kutuuzia mitambo na malighafi, hata kama kiwanda chenyewe hakingepata senti. Fosfeti ya Minjingu ilikuja kuchimbwa katika miaka ya 1980, lakini mzigo wa gharama ulikwisha kuwa mzito. Mwaka 1991 kiwanda cha Tanga kilifungwa.

Watu wengi husimulia habari za Tanga kana kwamba ni ushahidi kuwa sisi hatuwezi viwanda. Sisi twaona ni ushahidi wa jambo jingine kabisa. Kiwanda kile kilikuwa na mlango wa kutokea tu, hakikuwa na mzizi. Mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya mitambo ya Tanga kuanza kuzunguka, gesi iligunduliwa Songo Songo, mbele ya Kilwa. Mzizi ukaonekana wakati mti ulikwisha kupandwa mahali pengine.

Katika miaka ya 1980 iliundwa kampuni ya amonia ya Kilwa, na mipango ikafanywa ya kujenga kiwanda kikubwa cha amonia na yurea Kilwa Masoko. Kiwanda hakikujengwa. Gesi ya Songo Songo ilikaa chini kwa miaka 30, hata mwaka 2004 ilipofika Dar es Salaam kwa bomba ili kufua umeme Ubungo. Ikafuata gesi ya Mnazi Bay, na bomba kubwa kutoka Mtwara lililokamilika mwaka 2015, baada ya ghasia za mwaka 2013 ambazo watu wa Mtwara walipoteza maisha yao wakiuliza kwa nini mali ipite mlangoni kwao bila kubisha hodi. Miaka ile ile yalianza tena maneno ya kiwanda cha mbolea, safari hii Kilwa na Mtwara pia, pamoja na wenzi kutoka Ujerumani, Denmark na Pakistani. Yakakwama mahali pale pale yanapokwama siku zote, yaani katika bei ya gesi. Mwenye mtaji ataka gesi rahisi, maana gesi ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika kuiendesha kazi hiyo. Aliyechimba kisima ataka arudishiwe fedha zake. Serikali yasimama katikati, nayo ina haja ya mapato.

Hapa ndipo twapenda kusema wazi, maana jambo hili lazungukwa mno.

Wako wakubwa wasemao kwamba kuuza gesi kwa bei nafuu kwa kiwanda cha mbolea ni kuitupa mali ya taifa. Twawaheshimu, lakini twawauliza. Mwaka wa fedha wa 2022/23 Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ruzuku ya mbolea, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mwenyewe Mbeya siku ya Nane Nane, mfuko wa yurea ukauzwa shilingi 70,000. Ilikuwa ni kazi njema, na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hawataisahau. Lakini fedha zile ziliishia wapi? Sehemu kubwa ililipia mbolea ya nchi nyingine, iliyotengenezwa kwa gesi ya nchi nyingine. Yaani twaogopa kuipunguzia bei gesi yetu wenyewe, kisha twailipia kwa ruzuku gesi ya jirani ambaye hata hatumjui jina. Kama nafuu haina budi kutolewa, na itolewe mahali ambapo itabaki nyumbani.

Lakini nafuu isitolewe kama sadaka. Mtego uliopo hapa wasomaji wetu wautazame vizuri. Kiwanda chaweza kupewa gesi kwa bei ya chini, kikatengeneza yurea kwa gharama ndogo, kisha kikamuuzia mkulima wa Kyela kwa bei ile ile ya yurea itokayo Ghuba, pamoja na nauli ya meli ambayo haikupanda meli yoyote. Hapo taifa litakuwa limetoa gesi yake, mkulima atakuwa amelipa bei ya dunia, na tofauti itakwenda kwa wenye hisa. Mkataba wowote utakaotiwa sahihi hauna budi kuwa na kifungu kisemacho kwamba unafuu wa gesi uonekane katika bei ya mfuko utokapo kiwandani, na kwamba mahitaji ya nchi yatangulie kabla tani moja haijapakiwa kwenda nje. Sera ya Taifa ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 yasema soko la ndani lipewe kipaumbele. Sera hiyo twaijua na twaiunga mkono. Tunalotaka ni kuiona ndani ya mikataba, ukiwamo ule wa kusindika gesi huko Likong'o, Lindi, ambao mazungumzo yake yamechukua miaka mingi.

Ndugu zetu wa Oman walijenga kiwanda chao Sur, kwa ushirika na Wahindi, kikaanza kazi mwaka 2005, na yurea yake ikafungwa kwa mkataba wa miaka mingi kwenda India. Mkulima wa India alipata mbolea ya uhakika. Oman ilipata mnunuzi wa uhakika. Na bei ya soko ilipopanda, Waomani wenyewe wakajua maana ya kuweka sahihi mapema. Nigeria nayo ilianza mtambo wake mkubwa karibu na Port Harcourt mwaka 2016, kisha Machi 2022 ukazinduliwa ule wa Dangote huko Lekki wenye uwezo wa tani milioni 3 za yurea kwa mwaka, uliogharimu dola bilioni 2.5. Hata hivyo mkulima wa Nigeria angali analalamika juu ya bei, kwa sababu yurea hufuata dola kama nzi afuatavyo kidonda, isipokuwa pale mkataba unapokataza.

Kisha kuna suala la ukubwa. Mtambo mmoja wa kisasa hutoa tani zipatazo milioni 1.3 kwa mwaka. Nchi yetu, kwa mbolea za aina zote, ilitumia tani zaidi kidogo ya 800,000 katika msimu wa 2023/24. Kwa hiyo kiwanda kidogo kitakuwa ghali kwa kila tani, na kikubwa kitatoa mbolea ambayo sisi peke yetu hatuwezi kuimaliza. Gesi ya kukilisha ipo. Mtambo wa namna hiyo wahitaji futi za ujazo kama milioni 100 kwa siku, na bomba la Mtwara lilijengwa kubeba milioni 784. Tena tangu mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mwezi Februari 2024, umeme umepata tegemeo jingine mbali na gesi. Lililobaki ni kuwapata wanunuzi wa ziada. Na hapo ndipo jina la Itungi lianzapo kuwa na uzito ambao watu wa Dar es Salaam hawajauona.

Tazameni ramani. Malawi haina gesi wala bahari, na wakulima wake wa mahindi hula mbolea kuliko wengi katika sehemu hizi za Afrika. Karonga na Chilumba ziko ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mwendo wa meli tu kutoka Itungi. Leo mbolea iendayo kwao kwa njia yetu huteremshwa Dar es Salaam, ikapanda reli ya TAZARA au lori hata Mbeya, kisha ikashuka milima ya Rungwe kwa barabara mpaka Kasumulu. Mkulima wa Itungi naye huipata kwa njia hiyo hiyo, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini, na kila mlima lori linaoupanda huandikwa katika bei ya mfuko.

Lakini iko njia nyingine. Barabara ya lami yatoka Mtwara, yapita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, yafika Mbamba Bay ufukoni mwa ziwa hili hili. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka huteremka kila siku kutoka Mbinga kwenda bandari ya Mtwara. Lori lililoteremka na makaa halina budi kupanda tena kurudi Mbinga, na lori lipandalo tupu hula mafuta bila kuingiza nauli. Kama yurea ingetengenezwa Kilwa au Mtwara, lori hilo lingeipandisha kwa nauli ya kurudi, likaihudumia Ruvuma njiani, ambako ndiko kwenye ghala la mahindi la nchi, na masalio yakashushwa Mbamba Bay. Kutoka hapo ni kazi ya meli. MV Ruvuma na MV Njombe, zilizojengwa hapa hapa kwetu, kila moja yaweza kubeba tani 1,000. Hiyo ni mifuko 20,000 kwa safari moja, au kazi ya malori zaidi ya 30. Mabwana wa uchukuzi wajua kwamba hakuna chombo kibebacho tani kwa bei ndogo kuliko meli, ilimradi ipate mzigo na ipate mahali pa kutia nanga.

Mahali pa kutia nanga ndipo penye aibu yetu. Mito ishukayo kutoka milima ya Rungwe na Livingstone huleta mchanga mwaka hata mwaka, na bandari ya Itungi imejazwa hata vyombo vikubwa vimehamishiwa Kiwira. Hatuilaumu mito, mchanga huo huo na tope hilo hilo la volkano ndilo lililoifanya Kyela iwe Kyela. Lakini bandari isiyosafishwa ni kama ghala lisilo na mlango, na twashangaa kuona mazungumzo ya viwanda vya mabilioni yakiendelea miaka na miaka pasipo mtu kuuliza juu ya mtambo mmoja wa kuchota mchanga.

Tena yatupasa tuseme na wakulima wenyewe. Mbolea si elimu ya kigeni kwa Wanyakyusa. Mababu walifuga ng'ombe, wakapeleka samadi migombani, wakafukia majani katika matuta, na migomba ya Rungwe ilisimama mahali pamoja vizazi kwa vizazi. Mambo yaliyobadilika ni kwamba watu wameongezeka, malisho yamepungua, na samadi haitoshi. Hivyo yurea ije kuiongezea samadi nguvu, isije kuifukuza. Na itumiwe kwa akili. Anayeimwaga yurea katika jaruba lililojaa maji wakati wa mvua kubwa za Machi na Aprili, naitrojeni yake nyingine hupaa hewani na nyingine huenda ziwani kulisha magugu. Wakulima wa Bangladesh walifundishwa kuifukia katika tope, karibu na mizizi, wakavuna zaidi kwa mbolea kidogo. Somo hilo lahitaji bwana shamba afikaye shambani kwa miguu yake, wala halihitaji kiwanda.

Kuhusu kakao tunatoa tahadhari. Sehemu kubwa ya kakao ya Kyela huuzwa kama zao la kilimo hai, na bei yake nzuri hutokana na kutotiwa dawa wala mbolea ya chumvichumvi. Itakuwa ni msiba kama muuzaji mwenye shehena ya kumaliza atawashawishi wakulima waitie yurea katika mikakao yao, wakapoteza soko walilolijenga kwa zaidi ya miaka 20. Mpunga ni mpunga na kakao ni kakao. Wakala asiyejua tofauti hiyo asipewe leseni.

Kadhalika mkulima afundishwe kusoma mfuko. Yurea ina naitrojeni sehemu 46 katika 100, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50. Salfeti ya amonia ina sehemu 21 tu. Iko ardhi inayohitaji ile salfa, hatukatai. Lakini mkulima ambaye shida yake ni naitrojeni pekee, akinunua mifuko miwili ya salfeti ili apate chini ya kile ambacho angekipata katika mfuko mmoja wa yurea, amelipa nauli mara mbili kwa safari ile ile ya kutoka Dar es Salaam. Na mwenye shamba lenye uchachu apimiwe udongo kwanza, maana yurea ikitiwa miaka mingi bila chokaa huuzidishia udongo uchachu, na mawe ya chokaa yapo Songwe, si mbali.

Juu ya ruzuku, twasema iendelee mpaka hapo mbolea yetu wenyewe itakapopatikana, lakini kalenda yake itengenezwe upya. Msimu ule wa kwanza wa 2022/23 watu wa nyanda za juu walisimama katika misururu mirefu kwa mawakala, wakiwa na namba zao za usajili mikononi, wengine wametoka vijiji vya mbali kwa nauli iliyoipunguza ile nafuu waliyoifuata. Wakala mmoja mjini hawezi kuwahudumia watu wa mwambao mzima. Vyama vya msingi vya ushirika vina maghala. Mengine yamekaa matupu nje ya msimu wa ununuzi wa mazao. Mbolea iwekwe humo.

Tunayoyataka, basi, si mambo ya ajabu. Wizara zinazohusika na Shirika la Maendeleo ya Petroli wautangazie umma bei ya gesi ambayo Serikali iko tayari kuitoa kwa kiwanda cha mbolea, na masharti yake, ili atakayekuja kujenga ajue na wananchi wajue. Mamlaka ya Bandari ituambie mchanga wa Itungi utachotwa lini. Na kwa msimu huu ulio mbele yetu, ambao hautangoja kiwanda wala mkataba, mifuko ya wakulima wa Kyela iwe imo ghalani kabla ya mwezi Novemba, wakati barabara ziendazo vijijini bado ni kavu na lori laweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo.